Mistari Miwili, Lakini Si Mimba

Mpenzi msomaji, katika nyumba ya watu waliooana, mistari miwili kwenye kile kijiplastiki cha kupimia huwa na maana moja tu. Mashoga wanaanza kukuangalia tumbo, mama mkwe anaanza kukuchagulia chakula, na mume anakukataza kubeba ndoo ya maji. Mimi nilipata mistari yangu miwili Januari 2022, na haikuwa na uhusiano wowote na mimba. Habari ilikuwa ya tumbo kweli, ila sehemu ya juu kidogo.

Kwa miezi mitatu nilikuwa nalala na pakiti ya magnesiamu za kutafuna chini ya mto. Saa nane za usiku tumbo linaniamsha, linachoma chini ya kifua kama mtu kaniwekea kaa la moto. Nikitafuna vidonge viwili na kipande cha mkate, linatulia. Nikaacha urojo. Wewe unayeishi Mji Mkongwe unajua kwamba kuacha urojo ni sawa na kuacha marafiki, maana jioni wanakutana huko huko. Nikaacha achari, nikaacha pilipili, nikaacha na chai ya rangi. Tumbo halikuwa na habari.

Ndipo nikaenda kwenye zahanati moja binafsi hapa mjini. Daktari alinisikiliza kama dakika tatu, akaniandikia kipimo. Maabara wakanichoma kidole, wakadondosha tone la damu kwenye kijiplastiki, wakaongeza na matone ya maji yake, tukasubiri. Dakika 15 baadaye, mistari miwili. Kwenye karatasi wakaandika "H. pylori" na mbele yake neno la kunijulisha kwamba ninaye. Hapa mjini tunamwita pailori tu, kama jirani.

Nikapewa dawa za siku 14: antibayotiki za aina mbili, pamoja na omeprazoli ya kupunguza asidi. Asubuhi na usiku. Mdomo mzima ulikuwa na ladha ya sarafu, hata maji yalikuwa machungu. Lakini daktari alikuwa ameniongezea sentensi moja nilipokuwa nimeshafika mlangoni: "Bwana naye aje apime." Sentensi hiyo ndiyo iliyonisumbua kuliko dawa.

Nani kamwambukiza nani?

Mume wangu hajawahi kuumwa tumbo tangu nimjue. Ni mtu wa kutafuna pilipili mbuzi nzima pembeni ya wali kama wengine wanavyotafuna karanga. Alikwenda kupima huku anacheka. Alirudi hacheki. Mistari miwili.

Kutoka zahanati mpaka Darajani hatukusemezana. Usiku, taa zimezimwa, akauliza taratibu, "Sasa mimi kitu hiki nimekipata wapi?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikajibu, "Wewe ndiye unayelala Dar siku tatu kila wiki."

Basi. Neno likishatoka halirudi. Sisi ni watu tuliokulia kwenye matangazo ya UKIMWI, redioni, shuleni, mpaka kwenye kuta za vituo vya afya. Ukimwambia mtu wa umri wetu "umepima, unaye, na unaambukiza", akili yake haiendi kwenye tumbo. Inaanza kuhesabu safari za boti, simu zisizopokelewa, na yule mfanyakazi mwenzake anayetuma ujumbe saa tatu za usiku. Mdudu wa tumbo akageuka kuwa mtu wa tatu ndani ya nyumba.

Mume wangu alikataa kumeza dawa. "Siumwi, nimeze ya nini?" Mimi nikameza zangu peke yangu, nikimwangalia kwa jicho la pembeni.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Makunduchi kukaa na sisi. Ni mama mwema, wallahi, hajawahi kuniita kwa jina baya. Lakini aliposikia kuna mdudu wa kuambukiza, asubuhi yake nikakuta kikombe kipya cha bati jikoni, kimewekwa peke yake juu ya rafu. "Hiki chako, mwanangu. Si ubaya, tahadhari tu. Kikulacho ki nguoni mwako." Nikasema ahsante mama. Ungesema nini tena?

Mwezi wa Aprili ukaingia Ramadhani. Nyinyi mnajua futari zetu: sinia moja katikati ya mkeka, mikono yote humo, mihogo, ndizi, samaki wa kukaanga. Siku ya kwanza sinia lilitandikwa, na pembeni yake bakuli langu, limefunikwa vizuri na kawa. Hakuna aliyesema neno. Nikala bakuli langu huku nasikia wenzangu wanagombania tambi. Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mume wangu, na sijawahi kuwa mbali naye namna ile.

Mdudu mwenyewe ni nani?

Kazi yangu ni uhariri. Mwandishi akiniletea makala, namuuliza: umejuaje? Nani kakwambia? Kinachonionea haya leo ni kwamba kwa tumbo langu mwenyewe sikuuliza hata swali moja kati ya hayo. Nilianza kusoma nikiwa nimeshachelewa. Haya ndiyo niliyoyakuta, na ningeyajua Januari tusingegombana.

Zamani madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo, asidi na vyakula vikali. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha maabara bakteria anayeishi kwenye tumbo la binadamu. Wengi hawakuwasadiki, kwa sababu iliaminika kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuishi kwenye asidi ile. Mwaka 1984 Marshall akakata shauri: akanywa bakteria hao mwenyewe. Baada ya siku chache akawa anatapika, na tumbo lake likakutwa na uvimbe wa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo, mwaka 1994, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulishamweka mdudu huyu kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo si mdudu wa mzaha.

Lakini kuna upande wa pili, ambao hakuna aliyeniambia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu wote duniani wanaye, na Afrika ni kama watu 70 katika kila 100. Wengi wao hawapati vidonda maisha yao yote. Na wengi wanampata utotoni, ndani ya nyumba walimozaliwa: kwa mate, kwa matapishi, kwa mikono isiyonawiwa vizuri baada ya choo, kwa maji yasiyo salama.

Soma tena hapo, mpenzi msomaji. Utotoni. Maana yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba mimi nilimpata Michenzani nikiwa sijaanza hata chuo cha Kurani, na mume wangu akampata Makunduchi akicheza mchangani. Kila mmoja wetu aliingia naye kwenye ndoa, pamoja na masanduku ya nguo. Dar haikuhusika. Yule mfanyakazi mwenzake, maskini, hakuhusika.

Damu haisahau

Turudi nyuma kidogo. Mwisho wa Machi, wiki chache baada ya kumaliza dawa, nilirudi zahanati kuhakikisha kama nimepona. Kidole, tone, dakika 15. Mistari miwili. Nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira. "Umenirudishia!" nikamwambia mume wangu. "Nilikwambia umeze dawa!" Nikapewa dozi ya pili, nikaimeza Ramadhani hiyo hiyo, moja wakati wa futari, nyingine wakati wa daku. Katikati ya Juni nikapima tena. Mistari miwili. Daktari akaniandikia dozi ya tatu.

Dozi hiyo sikuimeza, na namshukuru Mungu kwa dada mmoja mfamasia. Nilimpa karatasi dirishani, akaisoma, akaniangalia. "Dada, hii ni mara ya ngapi?" Nikamwambia ya tatu. "Na kipimo ni kile cha kidole?" Ndiyo. Akaisukuma karatasi kurudi upande wangu, akanieleza kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa.

Kile kijiplastiki, alisema, hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana na mdudu. Sasa mdudu akishakufa, askari hawaondoki siku hiyo hiyo. Wanaweza kubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka. Kwa hiyo kipimo kile kinaweza kukwambia kwamba wewe na mdudu mlishakutana. Hakiwezi kukwambia kama bado mko pamoja. "Ukipima kwa kidole baada ya dawa," alisema, "utapata mistari miwili mpaka uchoke."

Nilisimama pale dirishani kama mtu aliyemwagiwa maji. Dozi mbili, ugomvi wa miezi mitano, bakuli la pembeni, vyote kwa ajili ya kumbukumbu!

Dada yule akanieleza kwamba kuna vipimo vinavyomtafuta mdudu mwenyewe. Kimoja ni cha choo, kinachoangalia vipande vya bakteria kwenye haja kubwa. Kingine ni cha pumzi: unakunywa dawa maalumu, halafu unapuliza. Hivyo ndivyo miongozo ya madaktari wa Marekani na Ulaya inavyotaka vitumike kuthibitisha kupona, si kile cha kingamwili. Lakini navyo vina masharti yake. Uwe umemaliza antibayotiki angalau wiki 4, na uwe umeacha omeprazoli na ndugu zake angalau wiki 2. Ukienda huku unameza, mdudu anaweza kujificha, ukaambiwa huna kumbe unaye.

Halafu akaniuliza swali la mwisho: "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

Nikajibu hapana.

Swali nililolijibu vibaya

Niliacha omeprazoli wiki mbili, nikapeleka choo kwenye maabara nyingine. Majibu: hakuna mdudu. Mume wangu naye, kwa kubembelezwa, akapeleka chake. Majibu: yupo, tena mzima wa afya. Hebu fikiria. Yule aliyekuwa akila kwenye sinia ndiye mwenye mdudu, na mimi wa bakuli la pembeni sina! Na nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja miezi yote hiyo bila kunirudishia.

Nilitaka kushangilia, lakini nilikuwa sina nguvu. Tumbo lilikuwa bado linachoma, vibaya zaidi kuliko Januari. Nyumba yetu ya Mkunazini ina zile ngazi za zamani, nyembamba na zilizosimama wima, na nilianza kupumzika mara mbili kabla ya kufika juu. Asubuhi moja ya Julai nikaona choo changu ni cheusi, kinang'aa kama lami. Nikajiambia labda ni kitu nilichokula. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu nilianguka ngaziani, na aliyenibeba mpaka chini ni mume wangu.

Kesho yake tukapanda boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam. Njia nzima alinishika mkono, hakusema kitu. Muhimbili walinipima damu, ikawa imepungua sana. Wakanifanyia endoskopi, yaani wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, halafu wanapitisha mpira mwembamba wenye kamera mpaka tumboni. Si raha, lakini ni dakika chache tu. Wakakiona: kidonda, na kilikuwa kimevuja damu. Walikata na kipande kidogo cha nyama kumtafuta mdudu. Hawakumkuta.

Daktari akaniuliza lile lile alilouliza mfamasia. "Dawa nyingine unazotumia?" Hapana. Hakuridhika. "Hata ya kichwa? Ya mgongo?"

"Ya mgongo ndiyo," nikasema. "Diklofenaki. Lakini hiyo si ugonjwa, nakaa sana kwenye kiti, basi nanunua tu."

"Tangu lini?"

Nikahesabu. Tangu Septemba 2021. Karibu kila siku, mara nyingi bila kula. Tumbo lilianza kuuma Oktoba.

Mpenzi msomaji, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na jamaa zao zinapunguza kinga inayolinda ukuta wa tumbo. Ukizitumia muda mrefu zinaweza kuchimba kidonda zenyewe, hata kama hujawahi kumwona pailori. Ukiwa na vyote viwili, hatari inaongezeka. Kwa hiyo dozi ya kwanza haikuwa kosa, huenda mdudu nilikuwa naye kweli. Ila tulimfukuza mwizi mmoja tukamwachia mwenzake funguo. Mistari miwili ilitupa jibu la haraka mno, na sote tukaacha kuuliza: daktari kwa haraka zake, mimi kwa hofu, mume wangu kwa wivu. Katika nchi ambayo watu wengi wana kingamwili hizo, mistari miwili ilikuwa karibu lazima. Haikueleza kwa nini ni mimi ninayeamka saa nane.

Nilipewa omeprazoli ya wiki 8 na vidonge vya kuongeza damu, diklofenaki ikapigwa marufuku. Mgongo sasa nautibu kwa kiti kizuri, mazoezi, na parasetamoli siku ukizidi. Mume wangu alizungumza na daktari, akakubali kumeza dozi yake mwenyewe. Siku ya tatu akalalamika mdomo una ladha ya sarafu. Sikumcheka. Nilicheka jikoni.

Na mama mkwe? Tuliporudi kutoka Dar alinikalisha kitako, akanisikiliza habari yote, ya askari wa kwenye damu na ya mdudu aliyekutwa kwa mwanawe. Alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Basi huyo kampata kwangu. Kisima chetu cha zamani kile, na sisi tulikuwa tunawatafunia watoto chakula." Aliinuka, akakichukua kile kikombe cha bati, akapanda mrehani ndani yake. Kipo dirishani mpaka leo. Jioni ile alitandika mkeka, akaweka sinia moja, akanivutia upande wake.

Mume wangu aliniomba radhi, na mimi nikamwomba ya ile sentensi ya Dar. Tulikubaliana kwamba damu ina haki ya kukumbuka kila mtu iliyewahi kugombana naye. Sisi hatuna haja ya kuiga.

Kabla hujatoa kidole

Haya niliyojifunza kwa gharama, nakupa bure:

Uliza kipimo kinapima nini. Cha kidole kinapima kingamwili. Cha choo na cha pumzi kinamtafuta mdudu mwenyewe. Ni haki yako kuuliza, na daktari mzuri hatakasirika.

Ukishatibiwa, usithibitishe kupona kwa kidole. Subiri angalau wiki 4 baada ya antibayotiki, wiki 2 bila omeprazoli, halafu pima choo au pumzi. Kuacha omeprazoli kwa ajili ya kipimo, mwambie kwanza daktari wako, hasa kama umewahi kutoka damu.

Usimeze dozi juu ya dozi. Antibayotiki zikitumika ovyo bakteria wanazizoea, na siku utakayozihitaji kweli hazitakusaidia.

Taja kila unachomeza. Ya mgongo, ya kichwa, ya hedhi, ya mitishamba. Kama unaimeza, ni dawa.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, kizunguzungu: usisubiri siku tatu kama mimi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama una kidonda na Ramadhani inakaribia, zungumza na daktari mapema. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, si aibu.

La mwisho, kwenu nyinyi wawili mnaosoma ukurasa huu pamoja kitandani: mkipewa karatasi yenye neno la kutisha, msianze na "umeipata wapi?" Anzeni na "inauma wapi?" Mimi laiti ningeulizwa hivyo Januari, na laiti ningemjibu mtu ukweli wote, nisingeanguka ngaziani Julai.

Tukutane mwezi ujao, inshallah. Mimi naelekea kwenye urojo.